Fundi Komeo na Dhambi Asiyoitenda

Jina lake la ubatizo alilitumia kwenye karatasi za serikali tu. Mitaani aliitwa Komeo, kwa sababu mbili: alikuwa fundi wa kufuli, na akishakujibu huna tena pa kutokea. Kibanda chake kilibanwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, kati ya kinyozi na muuza magazeti. Ndani kulikuwa na jiliwa kuukuu la kubania vyuma, lililokazwa kwenye meza ya mbao, tupa za kila unene, debe la vitasa vilivyokufa, ukuta mzima wa funguo mbichi zinazongoja kuchongwa, na kiti kimoja. Kiti kilikuwa chake. Mteja alisimama.

Komeo alidharau watu kwa utaratibu, kama wengine wanavyosali: asubuhi, mchana na jioni. Aliyepoteza funguo alimwita mzembe. Aliyetaka kufuli kubwa kuliko yote alimwuliza ameiba wapi mpaka anaogopa hivyo. Mume aliyekuja kubadilisha kitasa ili mkewe asiingie alifukuzwa; mke aliyekuja kwa shida hiyo hiyo alihudumiwa, lakini kwanza aliulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo. Hata mhasibu wa parokia, siku alipomletea kufuli la sanduku la sadaka, hakusalimika.

"Kanisani nako mnaibiana?" Komeo alimwuliza.

"Ni tahadhari tu, fundi."

"Tahadhari dhidi ya nani? Malaika?"

Lakini hizo zote zilikuwa chenga za mchele. Gunia lenyewe la dharau alilihifadhi kwa ajili ya jambo moja, nalo ni dhambi ya asili. Likiguswa hilo, hata kinyozi, aliyependa porojo kuliko wateja, alizima mashine akasikiliza.

"Mtu akiniambia nimekosa, nitamwuliza lini, wapi, na nani aliona," Komeo alikuwa akisema huku tupa ikilia juu ya shaba. "Lakini niambiwe nimezaliwa na kesi! Eti mzee mmoja na mkewe walikula tunda kabla babu wa babu yangu hajaota jino, halafu nifuatwe mimi mpaka tumboni mwa mama yangu nisomewe mashtaka. Mahakama gani hiyo? Hata askari mla rushwa angeona haya."

Watu walicheka, wakachukua funguo zao, wakaenda. Walidhani ni maneno ya mtu mwenye ulimi mwepesi. Hawakujua kwamba maneno hayo yalikuwa na kaburi chini yake.

Komeo alipokuwa bado anavaa kaptura ya shule, mama yake alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Kalikuwa katoto kadogo mno, kanakohema kama kanakimbizwa. Kalipofariki, kalikuwa hakajamaliza hata juma moja duniani, na katika hekaheka ile hakuna aliyekumbuka maji ya ubatizo. Baba alikuwa mbali kikazi. Mama akamtuma Komeo akamwite katekista, mtu mrefu mwenye fimbo ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, aje awaombee na kuwaongoza makaburini. Mwalimu alikuja hadi mlangoni. Akaulizia ubatizo. Akaambiwa haukuwahi.

"Asiyebatizwa Kanisa halimziki," alisema, bila hata kuketi. "Mtoto huyu ameondoka na dhambi yake ya asili. Uso wa Mungu hatauona. Zikeni wenyewe."

Akageuka, akaenda na fimbo yake. Wanawake wa jirani ndio waliochimba, nje ya uzio wa makaburi, na Komeo ndiye aliyebeba lile sanduku, lililokuwa jepesi mpaka likamtia hofu. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani. Cha kumchoma zaidi ni kwamba mama yake aliendelea kwenda. Kila Jumapili alivaa, akafunga mkoba wake, akaenda kukaa mbele ya fimbo ile ile, kana kwamba hakuna lililotokea. Komeo hakuwahi kumwuliza kwa nini. Aliogopa jibu lisije likawa la kijinga, akalazimika kumdharau na mama yake.

Alioa mwanamke mshonaji wa mapazia, mtu wa maneno machache aliyejua kumsubiri mumewe amalize kufoka ndipo aseme neno moja na kushinda. Walikaa bila mtoto mpaka mawifi wakachoka kusengenya wakatafuta habari nyingine. Kisha, wakati hakuna anayetazamia tena, akazaliwa binti. Komeo akampa jina la utani, Bosi, kwa sababu mchana alilala na usiku alitoa amri. Mara moja mama mkwe akatua na mabegi yake, kama meli iliyokuja kushusha shehena, na shehena yenyewe ilikuwa swali moja.

"Mkwe, mtoto huyu atabatizwa lini?"

"Akikosa, mama. Kwa sasa hajakosa lolote. Kazi yake ni kunyonya na kulala."

"Mkwe! Unataka mjukuu wangu akae na dhambi ya asili?"

"Nimemkagua nilipokuwa namwogesha. Sijaiona."

Mama mkwe akamgeukia binti yake, binti akaweka pazia chini.

"Baba Bosi," mkewe alisema, "mimi sikuombi uamini. Nakuomba uje kwenye darasa la wazazi. Kama ni kununa, nenda ukanune huko huko."

Alikwenda. Si kwa utii. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kutazama jirani akifukuzwa nyumba. Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa parokia, chumba kirefu chenye viti vya plastiki na ubao uliopauka. Wazazi walikuwa wamekuja na fikra za sherehe vichwani: nani atapiga picha, nguo nyeupe itaazimwa kwa nani, msimamizi wa ubatizo awe yupi mwenye gari. Komeo aliwatazama akajisemea, haya ndiyo mavuno. Kisha mlango wa pembeni ukafunguka, ikaingia fimbo kwanza, halafu mwenye fimbo.

Mwalimu alikuwa amezeeka. Urefu wake ulikuwa umejikunja mabegani, na miwani yake ilishikwa sikioni kwa uzi. Sauti tu ndiyo ilibaki ya zamani.

"Swali," alisema kabla hata ya salamu. "Mtoto mchanga ana dhambi gani?"

Wazazi wakainamisha vichwa, kila mmoja akitafuta kitu sakafuni.

"Ya kunikojolea shati," alijibu Komeo kutoka nyuma.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu akagonga fimbo.

"Ana dhambi ya asili, mheshimiwa mchekeshaji! Na akifa nayo, hamwoni Mungu. Andikeni hapo."

Komeo akasimama. Mkewe akamshika shati, akachelewa.

"Mzee, rudia hayo maneno."

"Akifa nayo hamwoni—"

"Ulimwambia mama yangu hivyo. Mlangoni kwetu. Mtoto wake akiwa amelazwa juu ya kitanda, ameshapoa. Unakumbuka?"

Mwalimu akapandisha miwani, akamtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara kwa mbali. "Nimeitwa milango mingi mimi. Siwezi kukumbuka kila kilio."

"Basi mimi nitakukumbusha!" Komeo akafoka, na yaliyofuata hayakufaa kusemwa mbele ya watu walioleta watoto. Mkewe alifumba macho. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio, japo mtoto mwenyewe alikuwa hajaanza kuelewa hata jina lake. Padri wa parokia, mtu mnene mwenye jasho la kudumu, alitoka ofisini mwake mbio, akamshika Komeo kiwiko.

"Fundi," alisema, "hebu njoo. Droo ya meza yangu imegoma kufunguka tangu Jumatatu."

Ilikuwa hila, na Komeo aliijua kuwa ni hila, lakini mkono wa fundi haukatai kitasa. Alipiga goti mbele ya meza ya padri, akatoa waya mfukoni. Padri akafunga mlango, akakaa, akajipepea kwa bahasha.

"Padri, nisemee kwa Kiswahili cha sokoni," Komeo alisema bila kuinua kichwa. "Binti yangu amekosa nini?"

"Hajakosa."

"Basi tumemaliza. Nikamwambie mama mkwe afungashe."

"Ngoja. Hajakosa, ila amekosa."

Komeo akageuka. "Umeanza na wewe?"

"Sikiliza lugha yako mwenyewe. Mtu akivunja amri, tunasema amekosa. Mtu akilala njaa, tunasema amekosa chakula. Neno ni moja, lakini huyu wa pili tutamfunga kwa lipi? Dhambi ya asili kwa mtoto ni ya namna hiyo ya pili. Si tendo alilolitenda. Ni hali aliyozaliwa nayo, na hali yenyewe ni upungufu. Mwanadamu wa kwanza aliumbwa akiwa rafiki wa Mungu, amejaa neema, na neema ile haikuwa yake peke yake; ilikuwa ya ukoo mzima. Akaitupa. Sasa niambie, mzazi atamrithisha mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe hana tena? Binti yako amezaliwa amekosa neema ile. Ubatizo unampa. Basi."

"Kwa hiyo hana hatia."

"Hatia yake mwenyewe, hana hata chembe."

"Sasa kwa nini mnaiita dhambi? Kwa nini msiseme upungufu, watu wakalala kwa amani?"

"Kwa sababu ilitokana na dhambi, na kwa sababu inatuelekeza dhambini. Lakini tunaiita dhambi kwa kulinganisha tu, si sawasawa na wizi au uongo. Na pengo hilo halikai kimya. Mtu anaujua wema, hata anaupenda, halafu mkono unakwenda kwingine. Asili yetu ina jeraha, fundi. Haijafa, haijaoza, ila inachechemea."

"Yako, labda." Komeo alichokonoa kitasa cha droo. "Mimi nimeshika funguo za nusu ya mji huu. Sijaingia nyumba ya mtu, sijachukua hata sindano. Mkono wangu hauendi kwingine."

"Hongera. Na kama watu wote wangekuwa kama wewe, nani angenunua kufuli? Ungekula nini?"

Komeo alichomoa waya, akaupinda upya, akauingiza tena.

"Ningekuwa kinyozi," Komeo alisema hatimaye.

Padri akacheka mpaka kiti kikalia. Aliacha alipoona mgongo wa fundi haukucheka.

"Na aliyekufa bila maji?" Komeo aliuliza, akizungumza na droo.

"Huyo Kanisa linamweka mikononi mwa huruma ya Mungu, na lina tumaini. Mungu ametupa sisi ubatizo uwe mlango, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuupuuza. Lakini hakusema kwamba yeye mwenyewe hawezi kumfikia mtoto mpaka sisi tufungue. Na ibada ya kumwombea mtoto wa namna hiyo na kuwafariji wazazi wake ipo."

"Basi yule mzee alisema uongo."

"Alikulia wakati wa ukali, akafundishwa kwa ukali."

"Hiyo ndiyo kusema alisema uongo, ila kwa adabu." Droo ikafunguka. Ndani kulikuwa na biskuti zilizokwisha kuliwa nusu. Komeo alizitazama, akamtazama padri, akaondoka bila kuaga.

Ungedhani maneno yale yangempoza. Wapi! Yalimpa sababu mpya ya kuchukia. Zamani alikuwa akigombana na fundisho. Sasa aliambiwa fundisho halikuwa na ubaya ule, kwa hiyo hasira yote, mtaji na faida, akaihamishia kwa mtu mmoja mwenye fimbo. Mkewe alipomwuliza kama atarudi darasani, alijibu kwamba atarudi siku Mwalimu atakapokaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Haikupita wiki, mchana mmoja wingu likashuka juu ya mapaa mpaka taa zikawashwa. Simu ya kibanda ikalia.

"Haloo, fundi kufuli? Nimeona namba yako imeandikwa ukutani hapa. Ufunguo umevunjikia kitasani, niko nje, na mvua ndiyo hii inakuja. Mimi ni mtu mzima, naishi peke yangu. Tafadhali fanya haraka."

Komeo aliijua sauti kabla haijamaliza haloo.

"Usijali, mzee," alisema kwa upole ambao hata yeye ulimshangaza. "Nielekeze nyumba." Akaelekezwa. Haikuwa mbali, mtu angefika kabla sigara haijaisha. "Nakuja. Niko njiani."

Akaketi. Mvua ikaanguka, si ya kumwagika bali ya kupiga, mpaka kinyozi akavuta mlango. Komeo akaagiza chai. Akainywa taratibu, akipuliza hata pale ilipokwisha kupoa. Simu ikalia tena.

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimekaribia, mzee. Barabara imejaa maji."

Na hapo akausikia ule utamu. Ulianza kwenye ulimi ukashuka hadi magotini, utamu mzito ambao hakuwahi kuupata kwenye chakula wala kinywaji. Alimwona Mwalimu amejibanza kwenye mlango usio na kibaraza, miwani imejaa maji, fimbo haina la kufanya. Sehemu moja ya Komeo ilikuwa imeshavaa koti, imeshika mfuko wa vifaa, inataka kwenda. Ilijua wazi kwamba lile ni jambo la aibu. Sehemu nyingine ilisema, bado kidogo. Nayo ndiyo iliyoshinda, bila hata kupigana. Akaagiza chai ya pili.

Alipofika, mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limegandamana na mbavu, miwani imefifia kwa maji asitambue mtu, meno yanagongana.

"Pole na mvua, mwanangu," mzee alisema. "Nimekuhangaisha."

Kuchomoa kipande cha ufunguo kulikuwa kazi ya kupiga chafya. Komeo alikataa malipo, akamwacha Mwalimu mlangoni akisifu ukarimu wa vijana wa siku hizi.

Habari aliletewa na mama yake, aliyekaa nao chumba cha uani. Alikuwa akifunga uji kwenye chupa ya chai.

"Unakwenda wapi na hiyo, mama?"

"Hospitali. Mwalimu amelazwa, mapafu yamejaa. Wanasema alinyeshewa. Hana mke, hana mtoto, nani atampelekea?"

"Wewe? Wewe ndiye wa kumpelekea uji?"

"Mgonjwa hana historia, mwanangu. Nipishe, uji unapoa."

Siku zile Komeo alikuwa mtu wa kutisha kibandani. Alichonga funguo zisizofungua. Alimtukana mteja mmoja, akasahau amemtukania nini, akaanza upya. Alikuwa anatafuta wa kumtwisha mzigo, na kwa dharau yake yote alijaribu hata Adamu. Lakini Adamu hakuwepo kibandani siku ile. Baba yake hakuwepo. Hakuna nyoka aliyeagiza chai. Kama padri alisema kweli kwamba mkono unapenda kwenda kwingine, sawa, huo upendeleo alizaliwa nao. Ila aliyesema "nimekaribia, mzee" alikuwa yeye, kwa mdomo wake, akiwa na akili zake timamu, na aliona raha. Mtu safi! Mshika funguo za mji! Alijidharau kwa ufundi ule ule aliowadharaulia wengine, na akagundua kwamba ulimi ule ulikuwa mkali kweli.

Mwishowe akafunga kibanda, akaenda hospitali. Mwalimu alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, bila miwani, mdogo kuliko shuka.

"Nani huyo? Ah, fundi aliyenifungulia. Mungu akubariki."

"Asinibariki. Sikucheleweshwa na barabara. Nilijua ni wewe. Nilikaa nikanywa chai makusudi, wewe unalowa."

Mzee aligeuza sikio, kama anayeitambua sauti ya ukumbini. Kikohozi kikaja, kikapita.

"Kwa ajili ya lile darasa?"

"Kwa ajili ya mtoto wa mama yangu. Ulisema ameondoka na dhambi yake. Tukamzika nje ya uzio kama paka."

"Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha matofali?"

"Hiyo hiyo."

"Nakumbuka sasa. Jua lilikuwa kali siku hiyo." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Na kutoka kwenu hadi makaburini ni safari. Halafu nilikuwa na viatu vipya, vinabana kidole hiki."

Komeo alidhani hakusikia vizuri. "Viatu?"

"Padri wa wakati ule angekubali. Watoto wa namna hiyo aliwaombea mara nyingi tu, na wazazi wao. Ila wa kutembea ni mimi. Nikasema la kusema. Ukimtaja Adamu, nani atabishana nawe? Watu wanalia, wananyamaza, wewe unarudi nyumbani kuvua viatu."

Komeo akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Muuguzi alikuja akasimama mlangoni. Miaka yote ile alikuwa amegombana na Adamu na Eva, na nyoka wao, na maaskofu, na Mungu mwenyewe, kumbe mwenye kesi alikuwa kidole cha mguu! Fundisho zito la Kanisa zima lilikuwa limetolewa kabatini kufunika uvivu wa mtu mmoja aliyebanwa na kiatu. Kama lilihitaji uthibitisho, basi uthibitisho ulikuwa umelala pale kitandani unakohoa, na mwingine umeketi kando yake juu ya kigoda.

"Mwalimu, huombi hata radhi?"

"Wewe umeniomba?"

"Bado."

"Basi tungoje," alisema mzee, akafumba macho. "Ukitoka nisogezee ile chupa ya uji. Mama yako anajua kupika."

Komeo alimsogezea. Jioni alimkuta mama yake anaanua nguo, akamweleza habari ya viatu, akiwa amejiandaa kumshika asianguke. Mama aliendelea kukunja shuka.

"Nilijua," alisema. "Alipokuwa mlangoni anasema maneno yake makubwa, alichomoa mguu kiatuni. Nilikiona kidole kimechubuka."

"Ulijua! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa mtoto mwenye hasira. Ningekwambia ni mtu, ungekua unamtafuta mtu. Nikakuacha uchukie dhambi ya asili. Hiyo haina mwili, hutaipiga jiwe."

"Na wewe ukaendelea kwenda kanisani kwake."

"Kwake?" Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza bei ya hewa. "Kwani lile kanisa ni lake? Shika ncha hii, tukunje."

Komeo alimaliza darasa, akapeleka jina parokiani mwenyewe, na Bosi akabatizwa Jumapili iliyofuata baada ya Mwalimu kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kanisa lilijaa vitambaa vyeupe na vilio. Mama mkwe na bibi mwingine mwenye kofia kubwa walisukumana mstarini, kila mmoja akitaka wake atangulie, mpaka padri akanong'ona kwamba maji yanatosha wote. Komeo alisimama na mkewe mbele ya kisima cha ubatizo, akajibu maswali yote kwa sauti ya mtu anayeweka sahihi mbele ya wakili. Maji yalipomgusa, Bosi alitoa amri zake zote kwa pamoja. Mkewe alilia. Komeo alitazama paji lile dogo lenye kumeta, akajikuta hana cha kudharau, akatazama pembeni asionekane.

Nje, Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, fimbo mkononi. Mama yake Komeo alipotoka, mzee alijikongoja akamzuia njia, akasafisha koo.

"Mama, kuhusu yale ya zamani, unajua mafundisho ya wakati ule yalikuwa, yaani, kwa upande wa—"

"Mwalimu," mama alimkatiza, "sema neno moja. Hayo mengine baki nayo."

Mzee alijiegemeza kwenye fimbo. Akaonekana anatafuta kimo chake cha zamani asikipate.

"Nisamehe."

"Haya," alisema mama, akapita kwenda kumpokea mjukuu.

Komeo aliyaona yote, na yalimkera kupita kiasi. Alitaka mzee apige magoti, alitaka mvua, alitaka angalau mashahidi wanne. Haya! Neno fupi kuliko chafya! Lakini sasa deni lililobaki pale ukutani lilikuwa lake peke yake, na Mwalimu alikuwa anamtazama, hana haraka. Komeo akaenda, mikono mfukoni.

"Ile mvua," alisema.

"Ilinyesha sana."

"Nisamehe."

"Nimesikia."

"Umesikia au umesamehe?"

"Usinisukume, mimi ni mgonjwa," Mwalimu alisema. "Na kitasa changu kimeanza tena kukwama. Ukipita Jumanne—"

"Nitapita nikipata nafasi."

"Mkwe!" mama mkwe aliita kutoka kwenye ngazi, kofia ya yule bibi mwingine imemziba nusu ya uso na kiwiko chake kikiwa kazini. "Mkwe, njoo haraka, hawa watu wanataka kutupokonya mpiga picha!"